Waulizwe kwa Kiayalandi

Oktoba 2025 Ayalandi ilipiga kura kumchagua rais wake wa kumi, na hapa Galway ninapoishi kulikuwa na swali lililozungushwa kila mahali, ndani ya basi, kwenye foleni ya duka, jikoni kazini kwetu: mtu asiyeweza kukaa kwenye mdahalo akajibu maswali kwa Kiayalandi, ana haki ya kuomba urais wa Ayalandi?

Waliobaki uwanjani walikuwa wanawake wawili. Catherine Connolly ni mzaliwa wa mji huu. Kiayalandi alikijenga akiwa mtu mzima, na leo anakiongea bila kusitasita. Heather Humphreys wa Monaghan, mwanasiasa aliyekaa kwenye baraza la mawaziri kwa miaka mingi, hakuwa nacho, akaahidi kwamba akichaguliwa atajifunza. (Wa tatu, Jim Gavin, alijitoa mapema Oktoba, ila jina lake likabaki kwenye karatasi ya kura.) Connolly alipata zaidi ya asilimia 63 ya kura za chaguo la kwanza. Sidai kwamba lugha ndiyo iliyompa ushindi. Watu walikuwa na mengine vichwani: bei za nyumba, msimamo wa nchi kuhusu vita, na kuchoshwa na vyama vile vile viwili. Lakini lile swali la lugha halikuisha na uchaguzi. Limebaki, na mimi nina la kusema, ingawa ni mgeni niliyetoka Mombasa.

Kwa asiyeijua nchi hii, inafaa aelewe hali ilivyo. Katiba ya 1937, Ibara ya 8, inasema Kiayalandi ndiyo lugha ya taifa na lugha rasmi ya kwanza, na Kiingereza kinatambuliwa kama lugha rasmi ya pili. Ukishuka barabarani utakuta mambo yamepinduka. Katika sensa ya 2022, watu 1,873,997 walijibu kwamba wanajua Kiayalandi, yaani kama asilimia 40. Lakini walioulizwa kama wanakitumia kila siku nje ya shule, waliosema ndiyo walikuwa 71,968 tu, katika nchi ya watu zaidi ya milioni 5. Wengi wa wale milioni na ushee walikiri wenyewe kwamba hawakiongei vizuri. Kila mtoto anafundishwa tangu darasa la kwanza hadi mwisho wa sekondari, kisha anatoka na mashairi mawili na sala.

Wanakozungumza hasa ni kwenye maeneo yanayoitwa Gaeltacht: vipande vya Donegal, Mayo, Kerry na vinginevyo, na kikubwa kuliko vyote ni Conamara, hapa magharibi ya mji wetu. Panda basi la kwenda An Spidéal na An Cheathrú Rua. Dakika ishirini au thelathini baadaye vibao vya barabarani vimeshabadilika, na kina mama wanaopanda na mifuko ya sokoni wanasalimiana kwa lugha ambayo Dublin inawekwa kwenye makumbusho na kwenye pasipoti.

Wanasiasa wa huku wana ada yao. Akisimama kuhutubia, mwanasiasa huanza na sentensi mbili za Kiayalandi, halafu anavuta pumzi na kuhamia Kiingereza mpaka mwisho, ambapo anarudi na "go raibh maith agaibh", yaani asanteni. Ada hiyo ina jina, cúpla focal, maneno mawili matatu. Mkenya hahitaji kuelezwa zaidi. Tumewaona wetu wakishuka kwenye helikopta: wakifika Kisumu ni "oyawore", Kakamega ni "mulembe", Nyeri ni "muriega", umati unashangilia, na baada ya hapo hakuna aliyewahi kumuuliza mheshimiwa swali hata moja kwa Kijaluo, Kiluhya au Kikuyu akajibu. Salamu haimgharimu mtu kitu. Mdahalo una gharama, kwa sababu swali la pili hulijui, na la tatu linatokana na ulivyojibu la pili.

Nafanya kazi kwenye makao ya wazee upande wa magharibi wa mji. Baadhi ya wazee wetu wametoka Conamara. Yupo mmoja ambaye mchana anaongea Kiingereza na kila mtu, anatania, anauliza matokeo ya mpira. Ikifika jioni Kiingereza kinamtoka. Hakusudii, maradhi ya usahaulifu yanamchukua kutoka juu kwenda chini, na kilichotangulia kuingia ndicho kinachobaki. Usiku ananiambia "tá mé préachta", na nisipojua kwamba anasema anaganda kwa baridi, nitamletea maji. Ndani ya mfuko wa sare yangu nina karatasi iliyokunjwa mara nne, aliyoniandikia mwenzangu wa zamu: uisce ni maji, leithreas ni choo, na chini kabisa, kwa herufi kubwa, "An bhfuil pian ort?" Unasikia maumivu? Wenzangu wa kutoka Kerala na Ufilipino nao wana karatasi zao. Hakuna sheria iliyotulazimisha. Mtu anaumwa mbele yako, ungefanyaje?

Ndiyo maana nikisikia kwamba ni uonevu kumtaka mgombea urais aulizwe kwa Kiayalandi, nashindwa kuhuzunika sana.

Ila kinachoniudhi zaidi si mgombea fulani. Kinachoniudhi ni namna dola lenyewe linavyoudai mzigo huu wa lugha kutoka chini na kuusamehe juu. Chukua kisa cha Anita Groener. Alikuwa Mholanzi, msanii, akifundisha uchoraji kwa muda katika chuo kimoja cha Dublin miaka ya mwanzo ya 1980. Mwaka 1984 aliomba kazi hiyo hiyo iwe ya kudumu. Kwenye usaili alipita, lakini kwenye mtihani wa kuongea Kiayalandi alianguka, na kazi akaikosa, ingawa masomo yenyewe kimsingi yalikuwa yakifundishwa kwa Kiingereza. Alishitaki, shauri likafika Mahakama ya Ulaya kule Luxembourg, na Novemba 1989 mahakama ikaamua kwamba Ayalandi inaweza kuweka sharti hilo kwa mwalimu wa kudumu, maadamu ni sehemu ya sera ya kuilinda lugha ya taifa na halivuki mpaka wa haja. Mimi hukumu ile naiona ya haki. Mwalimu si bomba la kupitishia somo tu; anakaa na vijana, anawaonyesha kwa mwenendo wake ni nini chenye thamani.

Sasa ipandishe hoja hiyo hiyo ngazi. Mwalimu wa shule ya msingi nchini hapa hawezi kuthibitishwa kazini bila Kiayalandi. Kijana anayetaka kusoma uhandisi kwenye vyuo vya Chuo Kikuu cha Taifa, Galway ikiwemo, anatakiwa awe amefaulu Kiayalandi sekondari, isipokuwa ana msamaha. Sheria iliyorekebishwa 2021 inataka ifikapo mwisho wa 2030, asilimia 20 ya wanaoajiriwa upya katika utumishi wa umma wawe wanaijua lugha. Mwanangu aliingia shule hapa akiwa mdogo na anaandika insha za Kiayalandi ambazo mimi mzazi wake siwezi kuzisahihisha. Lakini anayeomba kuwa mkuu wa nchi, mtu ambaye kazi yake kubwa ni kuiwakilisha, haulizwi. Katiba inamtaka awe raia aliyetimiza miaka 35, basi.

Mwaka 2014 hali ilikuwa ya aibu zaidi. Serikali ilibadilisha mawaziri, na wizara ya sanaa, urithi na Gaeltacht akapewa Humphreys, na naibu aliyekabidhiwa mambo ya Gaeltacht akawa Joe McHugh wa Donegal. Wote wawili hawakuwa na Kiayalandi cha kuendeshea kazi. Fikiria watu wa Conamara wanaingia ofisi ya serikali inayohusika na lugha yao, na wanalazimika kubadili lugha mlangoni. Kelele zilikuwa kubwa. McHugh, na hapa namvulia kofia, alikwenda kozi ya Kiayalandi Gleann Cholm Cille kiangazi kile kile, tena hadharani, akawaalika na wananchi wengine waliosahau lugha yao wajifunze pamoja naye. Haukupita muda mrefu alikuwa anahojiwa redioni kwa lugha hiyo na kujibu bungeni kwa lugha hiyo. Makosa ya sarufi alikuwa nayo, na hakuna aliyemchoma moto. Wenyewe wana methali isemayo Kiayalandi kilichovunjika ni bora kuliko Kiingereza cha ujanja.

Mdahalo wenyewe si ndoto. Tarehe 16 Februari 2011, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu, TG4, televisheni ya Kiayalandi, iliwaweka pamoja viongozi wa vyama vitatu vikubwa, Enda Kenny, Micheál Martin na Eamon Gilmore, wakajadiliana kwa Kiayalandi, na tafsiri ya Kiingereza ikipita kwa maandishi chini ya skrini. Ilikuwa mara ya kwanza viongozi watatu kufanya hivyo. TG4 ina makao yake Baile na hAbhann, ndani ya Conamara, na ilianza kurusha matangazo Oktoba 1996 wakati waziri mhusika alikuwa Michael D. Higgins, ambaye baadaye alikuja kuwa rais na kukaa Áras, ikulu ya Dublin, miaka 14.

Mwaka ule chama cha Kenny kilikuwa kimeahidi kuondoa ulazima wa Kiayalandi katika miaka ya mwisho ya sekondari. Kenny mwenyewe, mwalimu wa zamani kutoka Mayo, lugha anaiongea vizuri. Basi ikawa mtu aliyetaka kulegeza ulazima ndiye aliyetakiwa kuitetea sera yake kwa lugha yenyewe, mbele ya watu ambao sera ingewagusa kwanza. Huwezi kuipata hali hiyo kwenye mdahalo wa Kiingereza. Pale Kiayalandi hutajwa dakika mbili mwishoni, kama urithi, katikati ya majumba ya kale na muziki. Hapa kilikuwa chombo cha kumhojia mtu. (Kenny alishinda uchaguzi, na Kiayalandi hadi leo bado ni lazima sekondari.)

Hicho ndicho ninachokitafuta kwenye mdahalo wa namna hii, kuliko ufasaha. Lugha ya mdahalo ndiyo inayoamua nani anauliza na anauliza nini. Ukiandaa mjadala Dublin kwa Kiingereza utasikia kodi ya mapato, treni ya chini ya ardhi, hospitali ya watoto. Ukiuandaa Conamara kwa Kiayalandi swali la kwanza litakuwa nyumba, lakini si nyumba ile ya Dublin: litakuwa la kijana aliyezaliwa Ros Muc ambaye hawezi kupata kibali cha kujenga kwao, wakati nyumba za likizo za watu wa mjini zimefungwa miezi kumi kwa mwaka, na anajua kwamba akihamia mjini watoto wake wataongea Kiingereza. Litafuata la wavuvi, la daktari anayeweza kumhoji mgonjwa kwa lugha yake, la makao ya wazee. Maswali hayo yanaweza kuulizwa kwa Kiingereza. Hayaulizwi tu.

Wapo wanaosema kwamba kulazimisha mdahalo wa Kiayalandi ni kuweka chujio, na chujio hilo litawabagua Waprotestanti wa kaskazini na mipakani, ambao lugha hii haikuwa yao nyumbani. Humphreys ni Mpresbiteri, na hoja hiyo ilisikika. Naiheshimu kwa kiasi, kwa sababu kwenye kisiwa hiki lugha imewahi kutumiwa kupima nani ni wa kweli na nani si wa kweli. Lakini rais wa kwanza kabisa, Douglas Hyde, aliyeapishwa 1938, alikuwa mtoto wa kasisi wa Kanisa la Ayalandi la Kianglikana, na ndiye aliyekuwa mmoja wa waasisi wa chama cha kufufua lugha mwaka 1893. Kiayalandi alikichota kwa majirani zake wa mashambani Roscommon. Dini haikumzuia.

Wengine wanataja wahamiaji: je, raia aliyetoka Lagos au Vilnius akataka kugombea? Huyo ndiye mimi, au angalau mwanangu. Nawaambia wasitutumie kama kisingizio. Watoto wetu wanakaa darasa moja na wao wanasoma lugha ile ile. Anayefika akiwa na miaka 12 kwenda juu anaweza kuombewa msamaha, lakini aliyefika mdogo anakaa na vitenzi vyake kama wengine. Sisi watu wazima tuliotoka Afrika Mashariki lugha ya nne au ya tano haitutishi. Tulijifunza moja nyumbani, nyingine mtaani, ya tatu shuleni kwa kiboko.

Na kwa kiboko sitanii. Karne ya 19 mtoto wa Conamara alivishwa shingoni kijiti kiitwacho bata scóir, na kila akiteleza kuongea Kiayalandi kinachongwa alama, jioni zinahesabiwa na anachapwa kwa hesabu hiyo. Wasomaji wa Kenya wanaoikumbuka "disk" ya shule ya msingi, ile ya kuvishwa aliyeongea lugha ya mama, watajua kwamba kijiti hakikuishia Ayalandi.

Sasa, je, niandike kwamba sheria iwalazimishe? Hapana, na sababu yangu inatoka nyumbani. Julai 1974 Mzee Jomo Kenyatta alitoa amri Bunge la Kenya liendeshe mijadala kwa Kiswahili. Nia ilikuwa nzuri, maandalizi hayakuwepo. Miswada iliendelea kuandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo mbunge alishika karatasi ya lugha moja na kuijadili kwa nyingine. Vinara wa Kiingereza walipungukiwa maneno ghafla, na mwaka uliofuata kanuni zikaanza kurekebishwa. Kufikia 1979 lugha zote mbili zikaruhusiwa. Kwa miaka mingi katiba yetu ya zamani ilimtaka mgombea ubunge ajue kuongea na kusoma Kiswahili na Kiingereza vya kutosha kushiriki mijadala. Tanzania nayo katika Ibara ya 67 inamtaka mbunge ajue kusoma na kuandika kwa Kiswahili au Kiingereza. Masharti ya karatasi hupatiwa cheti. Na pamoja na masharti yote hayo, ilipofika 2013 tukaandaa mdahalo wetu wa kwanza wa wagombea urais, wakasimama watu wanane, na mjadala ukaendeshwa kwa Kiingereza. Mama wa Kwale aliyeombwa kura kwa Kiswahili uwanjani alifanya nini usiku ule mbele ya televisheni ya jirani? Alisubiri kesho redio imweleze. Kwa hiyo sina kilima cha kusimama juu yake nikawahubirie Waayalandi.

Ninachotaka ni kwamba mdahalo uwepo, kila uchaguzi, uandaliwe Gaeltacht, wanaouliza wawe watu wa kule kule, na wagombea wote waalikwe bila kujali wanajua nini. Asiyejua lugha apewe vipokea sauti vya masikioni na mkalimani, kama wanavyofanya bungeni Dáil mtu anapoongea Kiayalandi, na kama wanavyofanya Brussels, ambako Kiayalandi kimekuwa lugha rasmi kamili tangu Januari 2022. Ajibu kwa anachoweza. Atafasiriwa. Wapiga kura wataona nani anahitaji mkalimani na nani hahitaji, na watajiamulia kama jambo hilo ni zito. Inawezekana wengi wakaona si zito, na watakuwa na haki. Lakini swali litakuwa limeulizwa na kusikilizwa kwa lugha ya anayeuliza, na mzigo wa tafsiri utakuwa umehamia kwa mwenye cheo. Asiyetaka kuja kabisa, kiti chake kiachwe wazi mbele ya kamera.

Kanada wana mfano unaokaribia huu. Wagombea uwaziri mkuu hukutana kwenye mdahalo wa Kifaransa na mwingine wa Kiingereza, na Kifaransa cha mtu kikiwa kibovu anachekwa Quebec wiki nzima. Aprili 2025 Mark Carney alikwenda na Kifaransa chake cha kupapasa, akachambuliwa, na bado akashinda. Kuna tofauti kubwa, nakubali: Quebec ina mamilioni ya kura, Gaeltacht nzima ina watu 106,220. Mwanasiasa wa Kanada anaogopa hesabu. Wa Ayalandi hana cha kuogopa, na ndiyo sababu mambo haya hayawezi kuachiwa soko la kura peke yake. Inabidi vituo vya televisheni na vyama vikubaliane mapema, kabla majina hayajajulikana, ili isionekane mtego umetegewa mtu fulani. Mwaka 2025 ubishi ulianza wagombea wakiwa wameshafahamika, kwa hiyo kila aliyetaka mdahalo wa Kiayalandi alionekana ni mpiga debe wa Connolly.

Kipindi cha urais ni miaka saba. Uchaguzi unaofuata ni 2032, na anayeutaka huenda hivi sasa yuko kwenye halmashauri fulani au bungeni, anaanza hotuba zake na cúpla focal. Muda anao wa kutosha. McHugh alianza kwa kiangazi kimoja.